Freni Iko Nguvu

Mwezi uliopita nilipanda pikipiki kutoka Kasongo kwenda Wamaza kwenye matanga ya Fundi Amisi. Habari ilinikuta siku ya pili, nikafika siku ya tatu, mgongo ukiuma na tope likiwa magotini. Hayo sikuyakasirikia. Kilichonikasirisha, na kinachonikasirisha hata sasa ninapoandika, ni maneno niliyoyakuta chini ya bashi, turubai walilolitandaza mbele ya nyumba ya marehemu. Mzee mmoja mwenye koti la kijivu na fimbo alikuwa amesimama, anazungumza. Nilimtambua kabla sijamwona uso, kwa namna anavyolamba maneno ya Kifaransa kana kwamba yametiwa sukari. Ni Direkta, aliyekuwa mkuu wa shule ya msingi pale na mwenyekiti wa komite ya dispansere, zahanati ya pale, na mimi katika ujana wangu nilikuwa mpiga mashini wake. Alikuwa akisema kwamba Fundi Amisi alikuwa mtu wa watu, asiyejua kusengenya, mwenye kosa moja tu maishani, lile kosa la freni, yaani breki za gari, na kwamba siku hiyo Wamaza nzima ilipaswa kumsamehe. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nusu yao hawakuwa wamezaliwa wakati huo, lakini nao walitikisa vichwa. Nilisimama pembeni na mkoba wangu mkononi, na nilitamani kumpokonya ile fimbo.

Mwaka ninaotaka kuusema ni ule niliotimiza miaka kumi na tisa, wakati magari yalipokuwa bado yanapita barabara hizo. Nilikuwa nimejifunza kupiga mashini ya kuandika kwa masista wa Kasongo, na nikajiona mtu mkubwa kwa sababu ya vidole vyangu. Direkta alinichukua Wamaza kuandika barua za komite. Ofisi ilikuwa sebule yake: meza yenye kitambaa cha plastiki cha maua, mashini katikati, na pazia la kanga lililotutenga na chumba alichokuwa akilala mchana. Mke wake aliniletea bugali na sombe ya majani ya mihogo saa sita, na nilikula palepale nikisogeza karatasi ili mafuta ya mawese yasidondokee. Mwaka huo barua zote zilikuwa na habari moja. Wamama wa Wamaza waliopatwa na uzazi mgumu walibebwa kwa machela hadi hospitali ya Kasongo, na wengine walirudishwa kwa machela hiyohiyo wakiwa wamefunikwa uso. Kwa misimu miwili watu walikuwa wametoa mchele na karanga ili komite inunue gari la kuwabeba. Wakristo walitoa na Waislamu walitoa, na hata wanaume waliokuwa wakichimba dhahabu kule Lusangi, ambao hawakuwa na sifa ya kutoa, walitoa. Nasema haya ili ieleweke kwamba lile gari halikuwa la Direkta.

Tulikwenda Kasongo watu watatu: Direkta, Fundi Amisi na mimi. Fundi alikuwa mtu wa Wamaza aliyetengeneza mashini za kukoboa mchele na pikipiki za wafanyabiashara, Mwislamu mtaratibu mwenye mikono mikubwa, asiyejua Kifaransa zaidi ya majina ya vyuma. Tulifikia kwa shemeji ya Direkta, karibu na soko. Mfanyabiashara mmoja mzee alikuwa na kombi mbili uani kwake. Zote mbili ziliachwa na Wazungu wa kuzunguka Afrika waliochoshwa na barabara zetu, kila moja kwa wakati wake, na zote zilikuwa zimejengwa ndani ili watu walale humo. Ya kwanza, nyeupe na bluu, ndiyo iliyokuwa kuukuu zaidi, lakini ilikuwa imetunzwa. Ilikuwa na mapazia mekundu, kitanda cha kukunjua, meza ndogo, na sinki la chuma lenye bomba. Ya pili, ya kijani, ilikuwa ya miaka ya karibuni kidogo, lakini ndani ilikuwa imechujuka: mbao zimevimba kwa mvua, godoro lina madoa, mapazia hakuna. Nilipenda ya bluu papo hapo. Siwezi kujifanya kwamba nilikuwa na akili kuliko wengine. Nilifungua lile bomba mara tatu, ingawa hapakuwa na maji.

Direkta aliipenda kuliko mimi. Aliketi kwenye kile kitanda, akakipigapiga kwa kiganja, akafungua na kufunga mapazia. Baadaye, nikiwa nyuma ya gari nasubiri, nilimsikia akimwambia mfanyabiashara kwamba akiitwa kwenye mikutano ya wakuu wa shule atalala humo, kwa sababu mtu wa cheo chake hapaswi kuomba mkeka kwenye nyumba za watu. Mfanyabiashara akacheka akasema hata gavana angelala humo. Hakuna kati yao aliyetaja wamama wa Wamaza. Niliyasikia vizuri, nikayaona ya kawaida, na kwa hilo najikasirikia pia.

Fundi hakugusa pazia. Alikuwa na namna yake ya kupima gari, na sijaiona kwa fundi mwingine hadi leo. Aliomba ndoo mbili za maji, akazijaza hadi ukingoni, moja akaiweka mbele karibu na miguu yake na nyingine nyuma katikati ya sakafu, akaniambia niketi nizitazame. Halafu akaendesha hadi kwenye mteremko wa kuelekea mtoni, akauteremka na kusimama, akaondoka tena, akasimama tena. Nilipaswa kumwambia maji yamemwagikia upande gani. Yakimwagikia mbele sawasawa, gari linasimama limenyooka. Yakienda kushoto, kuna gurudumu linaloshika kabla ya mwenzake. Kwa ile ya bluu maji yalikwenda kushoto, na Fundi alikuwa akikanyaga akiwa ameinuka kwenye kiti, mgongo umeegemea nyuma, mishipa ya shingo imemtoka. Usukani nao ulikuwa unazunguka robo nzima kabla magurudumu hayajajua kitu. Mwisho wa mteremko alishuka akasogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa, kama mama anayepima uji wa mtoto. Akarudisha mkono haraka. Kwa ile ya kijani alikanyaga akiwa ameketi, anazungumza nami habari za mke wake, na maji yalicheza kidogo tu kwenye ndoo.

Siku ya tatu, mezani kwa shemeji, baada ya wali na samaki wa Lualaba, Direkta alitaka ripoti. Komite nzima ilikuwa Wamaza inasubiri karatasi ili ichague, na Direkta aliamini kwamba karatasi isiyo ya Kifaransa si karatasi. Nilikuwa nimebeba mashini. Fundi alinawa, akafuta mikono kwenye suruali, akasema polepole ili vidole vyangu vimfuate.

"Andika, mwanangu. Ya bluu, freni yake iko nguvu. Iko nguvu sana, na volani yake inacheza. Ya kijani, freni yake iko pole, hata mama muzee anaweza kuisimamisha. Kitanda nitapiga mimi mwenyewe na mbao. Freni siwezi kupiga na mbao."

Huko pwani, nasikia, watu wana maneno mawili: kitu kigumu ni kigumu, na kitu chenye nguvu kina nguvu. Kwetu neno moja hufanya kazi zote mbili. Kazi iko nguvu, maana yake inakushinda. Mtihani ulikuwa nguvu, maana yake umeanguka. Na mwanamume aliye nguvu ni yule anayebeba magunia mawili. Fundi alikuwa anasema kwamba volani, yaani usukani, imelegea, kwamba pedali ile ni ngumu na inataka mwili mzima wa mtu, na kwamba ile ya kijani inatii kwa wepesi. Mimi nilikuwa nimeona mishipa ya shingo yake. Nilijua. Vidole vyangu vilisimama juu ya mashini, nikamgeukia Direkta nikamuuliza kwa Kifaransa, ili Fundi asione kwamba namtilia shaka, kama hapo tuandike "dur", yaani ngumu, au "puissant", yaani yenye nguvu. Direkta alitazama nje ya dirisha. Kombi ya bluu ilikuwa imeegeshwa pale, mfanyabiashara ameileta mwenyewe mlangoni, mapazia yamefunguliwa.

"Andika puissant," aliniambia. "Ni neno muzuri zaidi."

Kwa ile ya kijani akaniambia niandike "lent", yaani freni inayochelewa, kwa sababu pole ni pole. Habari za mama mzee aliniambia niziache, si za kuwekwa kwenye ripoti. Habari za kitanda cha mbao nazo niziache. Nikaandika. Fundi akapewa kalamu, akatia sahihi chini kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa na baba yake, akaniuliza kama nimekula nikashiba.

Nimekuwa na miaka mingi ya kumfikiria Direkta kwenye dirisha lile. Kuna watu wanaomtetea, husema kwamba alikosea lugha, kwamba ni bahati mbaya ya tafsiri. Upuuzi. Mtu aliyewachapa watoto wa darasa la sita kwa kuchanganya "dur" na "solide", yaani imara, hakukosea lugha. Alichagua neno kama alivyochagua gari, kwa ajili ya mapazia. Na mimi niliyeuliza swali lile nilikuwa na jibu tayari kinywani, nikalimeza kwa sababu aliyekuwa ananilisha sombe alikuwa yeye.

Komite ilichagua ya bluu, na nani angefanya vingine, wakati karatasi inasema freni zake ni imara na za ile nyingine zinachelewa? Siku ilipoletwa Wamaza wanawake walipiga vigelegele, na kila mmoja alitaka kukaa kwenye kitanda. Fundi alifika kutoka kazini kwake, akalizunguka gari. Halafu akanivuta kando, nyuma ya jiko la dispansere, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Odeta, ile karatasi ilisema nini?"

"Ilisema vile ulisema, Baba," nilimjibu.

Hakuna sentensi niliyowahi kuitamka maishani ninayoichukia kuliko hiyo. Haikuwa uongo wa kukamatika. Kila neno lake lingeweza kuapiwa. Alinitazama kidogo, akasema basi labda komite ina sababu zake, akaenda kutafuta jeki.

Hakukataa kuliendesha. Watu wa sasa huuliza kwa nini, kama alijua. Alijua, ndiyo maana hakumwachia mwingine usukani. Alitengeneza alichoweza, akalinganisha magurudumu ili lisivute upande mmoja, lakini ugumu ulikuwa wa maumbile ya gari lenyewe, na mtu akizikanyaga freni zile muda mrefu zilipata joto na kuacha kushika kabisa. Basi akajiwekea sheria. Kwenye mteremko mmoja mrefu wa kuingia mtoni, nusu ya njia ya Kasongo, alisimama mara mbili, akaweka jiwe chini ya gurudumu, akangoja zipoe. Abiria walinung'unika. Wengine walisema Fundi analiogopa gari kama mke mwenza. Kwa miezi saba alibeba wamama kumi na kitu, nao wote walifika na kurudi wakiwa na watoto mgongoni, na jiwe lake lilikuwa linakaa chini ya kiti. Direkta alilala kwenye gari hilo mara nne kwenye mikutano yake na kurudi akisifu godoro.

Yaliyotokea niliyasikia kwa Asha, mjamzito aliyekuwa amebebwa siku ya ajali. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake na mtoto hakuwa anashuka. Alilala kitandani, na mama yake mzazi aliketi kando yake, karibu na sinki, anamshika mkono. Walipofika kwenye mteremko Fundi alisimama mara ya kwanza, akaweka jiwe, akangoja. Aliposimama mara ya pili, mama alianza kumsihi. Alimwambia Baba Fundi, mtoto wangu anakufa hapa, wewe unangoja chuma kipoe. Alimshika bega, akalia. Fundi alishuka, akasogeza kiganja kwenye gurudumu, akarudi akaondoka kabla ya wakati. Asha alisema alimwona akiinuka kwenye kiti, mgongo umeegemea nyuma, na kisha akaona mguu wake unakwenda hadi chini bila kizuizi. Mbele kulikuwa na daraja la magogo na watu waliokuwa wakivuka na baiskeli za mihogo. Fundi akaligeuza gari kwenye ukuta wa udongo upande wa mlima, upande wake mwenyewe. Mguu wake ulisagika kati ya usukani na mlango. Asha alibanwa na godoro, akajifungulia kando ya barabara saa mbili baadaye, na mtoto akalia. Mama yake alirushwa, kichwa kikagonga ukingo wa lile sinki la chuma. Alikufa hapohapo. Sinki ambalo halikuwahi kutoa hata tone la maji.

Komite ilikutana shuleni Fundi alipotoka hospitalini na magongo yake mawili. Mimi nilikuwa naandika yaliyosemwa. Nakumbuka darasa lilivyojaa, hesabu za kugawanya zikiwa bado ubaoni, na watoto wa yule mama aliyekufa garini wameketi kwenye dawati la mbele wakiwa na hasira, na walikuwa na haki nayo. Direkta alisimama na ile ripoti. Akaisoma kwa Kifaransa, kisha akaifasiri kwa sauti ya kanisani: freni za bluu zina nguvu. Akawaonyesha sahihi. Akasema komite iliamini neno la fundi wake. Mtoto mkubwa wa marehemu akamuuliza Fundi kama kweli alisema hivyo. Fundi aliinuka juu ya magongo. Nilimwona uso, na hapakuwa na hofu yoyote, kwa sababu alidhani sasa ndipo ukweli unatoka.

"Ndiyo, nilisema iko nguvu," alisema. "Nilisema mara mbili. Odeta iko shahidi."

Darasa zima likageuka kunitazama. Direkta naye alinitazama, akiwa amekunja karatasi mkononi. Lingehitajika neno moja tu, ngumu, neno dogo kama punje. Nikasema ndiyo, alisema vile. Pakawa na mngurumo wa watu, na Fundi akabaki anatazama huku na huku, haelewi kwa nini maneno yake mwenyewe yanamfanya awe mkosaji. Alianza kueleza habari za pedali na mguu, lakini hakuna aliyekuwa anasikiliza tena, na mwanamke mmoja alimwambia akae chini, muuaji.

Nililaumu hofu, nikalaumu umri. Nililaumu mkate wangu kuwa mikononi mwa yule mzee. Mwaka haukuisha nikaondoka Wamaza, nikaolewa Kasongo, nikafundisha kupiga mashini mpaka mashini zenyewe zikakosa kazi. Fundi hakupelekewa tena injini. Alibaki kuziba mipira ya baiskeli mbele ya nyumba yake, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Nilipopita Wamaza kwa mazishi au harusi nilimsalimu, nikaketi dakika chache, nikala nilichopewa na mke wake, Mama Zaina, na kila mara nilijiambia kwamba safari ijayo nitasema. Vita vilikuja na kupita, nikajiambia sasa watu wana misiba mikubwa zaidi. Naona aibu jinsi sababu zangu zilivyokuwa nzuri.

Kwa hiyo niliposikia habari za kusamehe chini ya bashi lile, nilikwenda mbele, mwanamke peke yangu kati ya wanaume, nikamwambia Direkta akae. Sikupaza sauti sana. Nilisema Fundi hakukosa kitu. Nilisema alichosema mezani pale Kasongo, neno kwa neno, pamoja na mama mzee na kitanda cha mbao. Nilisema niliuliza, na nikasema ni nani aliyenijibu akiwa anatazama dirishani. Direkta alishika fimbo kwa mikono miwili akasema ni mambo ya zamani, yeye ni mgonjwa, hakumbuki. Nikamwambia freni anazikumbuka vizuri, basi neno limemtokaje? Mtoto mkubwa wa marehemu wa ajali, sasa mzee mwenye mvi, alikuwepo. Aliinamisha kichwa akakificha mikononi. Mwalimu wa msikiti akaomba tutulie ili dua iendelee, na ilikuwa sawa aombe hivyo.

Niliingia ndani kwa wanawake. Mama Zaina alikuwa ameketi kwenye mkeka, amefunikwa kitenge cheusi hadi kwenye paji la uso, na maneno yalikuwa yamekwisha kumfikia kupitia dirisha. Wanawake walinipisha. Nilipiga magoti mbele yake. Nitaliandika na hili, ingawa linanichoma: nilitegemea kwamba atanishika mkono.

"Odeta," alisema, "ile neno ulijua tangu siku ile?"

"Tangu siku ile, Mama."

Alipangusa mkeka kwa kiganja mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Bwana yangu muguu tu ndio ilikufa," alisema. "Masikio yake ilikuwa mazima mpaka asubuhi ya mwisho."